Povu la Bia ya Karanga

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya asubuhi ile ni visigino vya viatu vya mjomba wake. Siku za kawaida mjomba alipaka viatu rangi upande wa mbele tu, kwa maelezo kwamba watu humtazama mtu anapokuja, na akishafika humtazama mdomo. Leo alikuwa amepaka mpaka nyuma. Kimya alisimama na kikombe cha chai mkononi, akaviangalia visigino viking'aa chini ya pazia lililokigawa chumba chao, akajua mambo mawili. La kwanza, mjomba amepata mtu wa kumtapeli. La pili, anategemea mtu huyo amwone akiondoka.

Angeweza kuuliza palepale. Lakini hakuitwa Kimya kwa kukosewa. Shule aliiacha darasa la tano, siku mwalimu alipomwambia asimame asome kwa sauti. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani, kutoka msalani akaenda nyumbani, na ruhusa ile anaitumia hadi leo. Sasa alikuwa anauza karanga, kazi inayotaka makelele, naye hana. Wenzake huimba, hugonga chupa kwa kijiko, humwita kila mpita njia shemeji. Yeye hukaanga, akanyamaza, akaiacha harufu imsemee. Miaka miwili alizunguka na beseni kichwani, na msichana anayezunguka na beseni bila kusema lolote, watu hudhani anahama nyumba. Wawili walimpa pole. Mmoja alimwonyesha chumba cha kupanga.

Kilichomwokoa ni kibaraza. Mwenye baa ya mtaa wao alimruhusu kukaangia karanga kwenye kibaraza cha mbele, hatua nne kwa tatu, chenye bati juu na ukuta wa kukinga moto na upepo. Alimruhusu si kwa huruma. Karanga zenye chumvi huleta kiu, na kiu ilikuwa biashara yake. Hata hivyo kibaraza ni kibaraza. Kimya alikuwa nacho hicho tu duniani, ukiondoa nusu ya chumba.

Nusu nyingine ilikuwa ya mjomba, aliyekuja kukaa wiki mbili, mwaka wa nne sasa.

"Mjomba," alisema hatimaye, chai ikiwa imeshapoa. "Nani?"

"Nani nini?"

"Visigino."

Pazia likafunguka. Mjomba alitoka akiwa ndani ya koti jeupe alilolinunua kwa muuza nyama, lile lililompa jina la Dokta. Udaktari wake mwingine haukuwa na ushahidi. Ni yeye aliyewahi kuwauzia watu miwani isiyo na vioo, akisema hiyo ni ya wenye macho mazima.

"Mtoto wa dada yangu," alisema, "wewe ungekuwa muongeaji ungekuwa mtu hatari sana. Ni Povu."

"Povu gani?"

"Kwani mtaa huu una mapovu mangapi?"

Chai ilimpalia Kimya. Povu ndiye mwenye baa. Povu ndiye mwenye kibaraza.

Jina hilo Povu alipewa na wateja, kwa sababu ya mkono wake wa kumimina. Chupa aliishika juu kabisa, bia ikaanguka kama maporomoko, glasi ikajaa nusu bia nusu sabuni, kisha chupa ikarudi nyuma ya kaunta na kilichobaki ndani yake. Jana yake Dokta alikuwa amekaa pale, mkono mmoja glasi, mkono mwingine karanga za mpwa wake, akimsikiliza Povu akilalamika kuhusu lori la kiwanda. Kila wiki lori linakuja, linashusha kreti, linaondoka na jasho lake. "Natamani ningekuwa na mti unaozaa bia," Povu alisema. Dokta alitafuna. Alimeza. Wazo lilipatikana hapo katikati, kati ya karanga na bia.

"Mti sina," akasema. "Lakini kuna bia ya karanga. Mtu anapika mwenyewe nyumbani, haina lori. Tatizo ni chachu yake. Chachu ile ina miaka mia, haipatikani ovyo."

"Wewe unayo?"

"Mimi?" Dokta alitazama kushoto na kulia. "Nani amekuambia ninayo?"

Na hivyo ndivyo Povu alivyoanza kuamini kuwa yeye ndiye anayemchimba mwenzake siri.

*

Bia ya kuonja ililetwa saa nne asubuhi, baa ikiwa tupu. Dokta alikuwa amenunua chupa mbili za kiwandani kwenye baa ya jirani, akazimwaga kwenye mtungi, akatia karanga za kukaanga zilizosagwa, akakoroga na kijiko cha uji. Kimya alikuwa kibarazani na kikaango chake cha mchanga, dirisha likiwa wazi nyuma yake. Alisikia kila neno.

Povu akamimina kwa mkono wake uleule wa maporomoko. Akainua glasi.

"Mbona limekufa?"

"Nini, bosi?"

"Povu. Limekuja, limeniangalia, limekufa."

"Aa, povu ni ujanja wa viwanda. Wanakuuzia hewa."

"Na mimi hapa nawauzia watu nini?" Povu aliiweka glasi chini. "Bwana wee, ukiniondolea povu umeniondolea nusu ya baa."

"Zaidi ya nusu," ilisema sauti kutoka kwenye kaunta. Alikuwa mke wake, mwanamke mnene mwenye funguo shingoni, ambaye wateja walimwita Mama Kaunta. Hakuinua macho kwenye daftari lake.

Lakini Povu alikuwa ameonja. Ladha ya karanga ikiwa juu ya bia nzuri ya kiwanda ni ladha nzuri, nani atabisha. Alilamba mdomo. Akasema anaitaka, ila kwa masharti. Ipikwe hapohapo, kwenye stoo yake, chini ya kufuli lake. Itachukua siku ngapi?

"Wiki mbili," alisema Dokta, kwa sababu wiki mbili ilikuwa kipimo chake cha kila kitu.

Na iwe na povu. Siku ya mwisho Povu ataalika wenzake wawili wenye baa waje waone.

Dokta aliposikia wenzake wawili, macho yakamwaka. Chachu moja, wanunuzi watatu. Akataja malipo: ile pikipiki nyekundu iliyoegeshwa uani, apewe yeye mara moja, kwa ajili ya kuzunguka kutafuta maji yenye madini. Povu alikubali haraka kuliko alivyowahi kukubali kitu chochote. Mama Kaunta alitazama dari. Pikipiki ile haikuwa imetoka uani miaka miwili, na kwenye kiti chake kuku mmoja alikuwa ametaga mara kadhaa bila kusumbuliwa. Inapowaka, inawaka kwa hiari yake. Dokta aliizunguka, akaisifu rangi, akaipapasa taa. Mtu aliyewahi kuuza miwani isiyo na vioo alipokea pikipiki bila kuuliza injini.

Stoo ilikuwa na kufuli moja, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa Mama Kaunta. Nani aruhusiwe kuingia? Dokta hapana, Povu hakuwa mjinga kiasi hicho.

"Huyu binti wa karanga aingie," alisema Povu. "Huyu hata saa hawezi kumuuliza mtu."

Kimya aliinamia kikaango. Ilikuwa kweli. Saa alikuwa anaijua kwa kivuli cha nguzo, kwa sababu nguzo haimtazami mtu akiuliza.

*

"Sikiliza," Dokta alimwambia nyumbani mchana ule. "Kila siku unaingia stoo na beseni. Juu karanga, chini chupa za kiwandani. Siku ya mwisho unamimina zote kwenye mtungi, karanga kidogo juu, mchezo umekwisha. Hao wawili wanalipa, mimi napanda pikipiki. Umenielewa?"

"Mjomba, mimi..."

"Asante. Nilijua utakubali."

Ndivyo mazungumzo yao yalivyokuwa siku zote. Kimya huanza sentensi, mjomba huimalizia, na mwisho wake huwa mzuri kwa mjomba. Alibaki amekaa kitandani, akihesabu kwa vidole kile kitakachofuata. Mjomba ataondoka. Povu atapika kwa chachu ile ya miaka mia, ambayo ilikuwa unga wa ngano na mate ya Dokta, atapata uji mchungu. Atatoka nje kwa hasira kumtafuta tapeli, na kwenye kibaraza chake, hatua mbili kutoka mlangoni, atamkuta nani? Mpwa wa tapeli. Ana kikaango. Hana la kusema.

Msichana mwingine angemwonya Povu. Kimya alijaribu, alifika hadi kwenye kaunta, akafungua mdomo, Mama Kaunta akasema "Unataka chenji?" naye akaitikia ndiyo. Aliondoka na chenji ya noti ambayo hakutaka kuichenji.

Kwa hiyo akachukua njia pekee aliyobakiwa nayo mtu asiyeweza kusema. Aliamua kuufanya uongo wa mjomba uwe kweli. Kama bia ya karanga itakuwepo, nani atakuwa ametapeliwa? Wazo hili lilimwonekea la akili sana kwa muda wa kama dakika tano.

Kupika pombe alikujua. Marehemu mama yake, dada yake Dokta, alikuwa mpishi wa pombe, na Kimya alikulia kwenye moshi wake. Aliloweka ulezi, akauotesha kwenye gunia bichi chini ya kitanda, akaukausha juu ya bati la kibaraza, akausaga kuwa unga wa kimea. Povu alipouliza ni nini, alijibu "maandalizi", neno refu kuliko yote aliyowahi kumwambia. Lakini mama hakuwahi kutia karanga, na karanga ndizo zilizoua povu. Kwa nini? Hilo hakulijua.

Alilijua Jumamosi mchana, akiosha vyombo bombani. Beseni lilikuwa limejaa mapovu ya sabuni hadi pomoni. Akazamisha sufuria yenye mafuta. Mapovu yakasema shhh, yakalala yote. Kimya akayatazama. Kisha akatazama kifuko cha karatasi kilichokuwa mfukoni mwa gauni lake, kifuko cha karanga za jana, ambacho kilikuwa kimelowa mafuta hata kinaonyesha ng'ambo. Kama angekuwa mtu wa kupiga kelele, angepiga. Aliishia kumwagia maji jirani miguuni, kwa furaha.

Mafuta. Miaka yote hiyo alikuwa akifunga karanga kwenye magazeti na kuona magazeti yakinywa, na hakuwahi kujiuliza yanakunywa nini.

Kuanzia hapo alifanya kazi kama mwehu. Alikaanga karanga kwenye mchanga hadi zikawa rangi ya ngozi ya kiatu, akapepeta maganda kwenye ungo, akazitwanga nusunusu, akazifunga kwenye magazeti, akaweka tofali juu. Baada ya saa kadhaa, magazeti mengine. Kisha akazirudisha motoni kidogo, kisha magazeti tena. Ukurasa wa michezo ulikunywa mafuta, na wa siasa, na wa matangazo ya vifo, na nusu ya mnajimu. Kwenye magazeti ya tano karatasi ilitoka kavu kama ilivyoingia.

Akavipeleka vyote stoo. Unga wa kimea aliuloweka kwenye maji ya moto wa kiasi, yale ambayo kidole kinavumilia mpaka uhesabu kumi. Akachuja, akachemsha, akapoza, akatia karanga, akatia kijiko cha hamira ya dukani, ile ya kuumulia mikate. Akafunika kwa kitambaa. Siku ya pili mtungi ulianza kunong'ona. Siku ya tatu ulikuwa unaongea. Kimya alikaa karibu nao akisikiliza, akaona aibu kidogo, kwa kuwa hata mtungi sasa ulikuwa umemzidi maneno.

Zikabaki chupa za kiwandani. Kila asubuhi Dokta alimtilia mbili au tatu chini ya beseni, na kila asubuhi Kimya aliingia nazo stoo na hakujua azifanye nini. Kuzimwaga ni dhambi. Kutoka nazo ni kukamatwa. Akawa anazipanga kwenye kreti za Povu mwenyewe, palipokuwa na nafasi.

Siku ya tisa mlango wa stoo ulifunguliwa nyuma yake.

"Binti," alisema Mama Kaunta, na akafunga mlango. "Nimeendesha baa miaka kumi na mbili. Nimeibiwa na wateja, na wahudumu, na ndugu wa mume wangu. Lakini sijawahi kuibiwa kwa kuongezewa."

Kimya alifungua mdomo. Mama Kaunta aliendelea.

"Nahesabu kreti, zinazidi. Nahesabu tena, zinazidi. Nikadhani nimepata kichaa. Sema, mwanangu, unafanya nini humu?"

Kimya alichukua kikombe, akakichovya mtungini, akampa kwa mikono miwili. Mama Kaunta alinusa. Alikunywa funda moja, akalizungusha mdomoni kama mtu anayetafuta mfupa. Kisha akanywa kikombe chote, akakaa juu ya kreti.

"Dokta anajua hii kitu ni ya kweli?"

Kimya akatikisa kichwa.

"Mume wangu anajua?"

Akatikisa tena.

"Basi tuko wawili." Alijifuta mdomo. "Endelea. Na hizo chupa acha kuniletea, zinaniharibia daftari."

Kesho yake alileta chupa tupu zenye vizibo vya kubana. Bia ilipotulia Kimya aliigawa humo, kila chupa na nusu kijiko cha chai cha sukari, akaziziba, akazifunika kwa gunia.

*

Siku ya kumi na nne Povu alikuwa amevaa shati la harusi. Wenzake wawili wenye baa walifika saa tatu, mmoja mrefu, mmoja mwenye meno ya dhahabu, wakakaa meza ya mbele na nyuso za watu waliokuja kuona mwenzao akidanganywa. Mama Kaunta aliipanguza meza mara mbili.

Dokta hakuingia kwanza. Alizunguka nyuma, ambako stoo ilikuwa na kidirisha cha nondo, na pikipiki nyekundu ilikuwa imeegemea ukutani. Kimya alikuwa ndani, akipanga chupa kwenye sinia.

"Psst. Vipi humo?"

Kimya alimwendea dirishani. Alikuwa ameionja asubuhi ile.

"Imechacha, Mjomba."

Hapa lazima hadithi isimame kidogo, ivue kofia, ilisalimie neno hilo. Chakula kikichacha kimeharibika, mwaga. Mtu akichacha mfuko wake umekauka, jihadhari asikuone. Ugomvi ukichacha, ingiza watoto ndani. Lakini mpishi wa pombe akisema imechacha, anasema imeiva, imekuwa yenyewe, leteni glasi. Marehemu mama yake Kimya alikuwa akilisema neno hilo akicheka. Dokta, kaka yake, aliyekulia nyumba ileile, hakuwahi kukanyaga jikoni. Yeye pombe alikuwa anakutana nayo mezani.

"Imechacha?" Dokta alishika nondo. "Yote?"

"Yote."

"Na zile chupa zangu za kiwandani?"

"Sikuzitia."

Dokta aliguna. Ilikuwa guno fupi, kama la mtu aliyekanyaga msumari na hataki majirani wajue. Kimya alikuwa na maneno mengine mdomoni. Lakini maneno yake yalikuwa na tabia ya kuvaa viatu kabla ya kutoka, na mjomba hakuwa na subira ya viatu.

"Mwanangu," alisema kwa upole wa ajabu, "mimi natoka mara moja kutafuta madini."

Akaikamata pikipiki.

Mbele, Povu alikuwa amechoka kungoja. Alifungua mwenyewe chupa ya kwanza, aliyoletewa na mkewe kutoka stoo. Akainua mkono juu, bia ikaporomoka, povu likapanda. Wote wanne waliinama kulitazama. Lilikuwa na rangi ya maziwa yenye kahawa kidogo. Lilipanda hadi ukingoni, likasimama. Yule mrefu akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Lilikuwa bado limesimama. Povu akanywa, akabaki na masharubu ya povu, na kwa mara ya kwanza tangu afungue baa alisahau kurudisha chupa nyuma ya kaunta.

"Hii..." alisema. "Hii..."

"Mpe na mwenzako," alisema Mama Kaunta.

Mwenye meno ya dhahabu alionja, akavua kofia.

"Dokta yuko wapi?" Povu alipiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka. "Yuko wapi mtu huyu? Dokta!"

Kutoka nyuma ilisikika pikipiki ikikohoa. Ikakohoa tena. Povu alitoka mbio na glasi yake mkononi, wenzake wawili nyuma yake, na Kimya, aliyekuwa amezunguka na sinia, akafika kibarazani kuona yote.

Dokta alikuwa barabarani akiisukuma pikipiki kwa nguvu zake zote, koti jeupe likipepea. Aliposikia jina lake, aligeuka. Aliwaona wanaume watatu wakija mbio, wa mbele akiwa na glasi mkononi, ametokwa na povu mdomoni. Unaweza kumlaumu?

"Dokta! Rudi!"

"Nitarudisha, bosi! Nitarudisha kila kitu!"

"Sitaki urudishe! Nataka unywe!"

Dokta alielewa kwamba Povu anataka kumnywesha kitu kile kilichooza, akaongeza mwendo. Walipita duka la dawa. Walipita fundi viatu, aliyeinua nyundo kwa heshima. Povu alikimbia vizuri kwa umri wake, akiishikilia glasi mbele kama mwenge, na jambo ambalo watu wa mtaa ule wanalieleza hadi leo ni kwamba povu halikumwagika. Kwenye kona pikipiki ikaamua, kwa hiari yake, kuwaka. Ilinguruma, ikatoa moshi mweusi, na Dokta akaruka juu. Akatoweka na mali yake halali, akimkimbia mteja aliyeridhika.

Povu alirudi akihema. Aliiweka glasi mezani. Bado lilikuwepo, kidole kimoja.

"Mtu mnyenyekevu sana," alisema. "Hataki hata asante."

Mama Kaunta alimwangalia mumewe kwa muda, kama mtu anayechagua embe sokoni. Kisha akamgeukia Kimya.

"Binti, waambie nani amepika."

Kimya alitazama sinia. Alitazama kibaraza chake na kikaango kikipoa juu yake. Watu wanne walikuwa wakimwangalia, jambo ambalo mwalimu wa darasa la tano alishindwa kumfanya alivumilie hata dakika moja.

"Mimi," alisema.

"Nani?" aliuliza Povu, kwa sababu hakusikia.

Ikabidi alirudie.

*

Mengine yalikuwa mepesi. Povu alijaribu kupika mwenyewe mara mbili, kwa ile chachu ya miaka mia aliyoachiwa na Dokta, na mara zote mbili povu lilikuja, likamwangalia, likafa. Baada ya hapo alimletea Kimya ufunguo wake wa stoo na akakiandikia kibaraza jina la Kimya ukutani kwa rangi ya bluu, akakosea herufi moja. Pazia la chumbani lilishushwa. Lilikuwa kitambaa kizuri, kizito kiasi, na lilichuja bia vizuri kuliko gunia.

Simu ililia mchana mmoja, miezi miwili baadaye, namba ngeni. Kimya alikuwa anakaanga. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele yake akingoja kifuko.

"Ni mimi. Usitaje jina langu."

Hakulitaja. Kutotaja vitu hakukuwa kazi kwake.

"Ananitafuta?" aliuliza Dokta.

Ndani, Povu alikuwa anawaeleza wateja wapya habari za Dokta, na kuwauliza kama kuna aliyemwona, maana aliamini Dokta ndiye aliyemfundisha binti, na alikuwa amemshonea koti jipya.

"Anakutafuta, Mjomba."

"Mpaka leo?"

"Kila siku."

"Akinitaja anafanyaje?"

Kimya alifikiri, kwa sababu hakutaka kusema uongo. "Anapiga meza."

"Mungu wangu. Na wale wawili?"

"Nao wanakuulizia."

Pumzi ndefu ilisikika upande wa pili. Alikuwa mji mwingine, alisema, anauza vitu fulani vya macho, mambo si mabaya, pikipiki imemfia lakini ameiuza kwa mtu aliyeipenda rangi. Hatarudi karibuni. Yeye Kimya awe mwangalifu, asije akabebeshwa makosa ya watu wazima. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka minne ya kuishi nyuma ya pazia. Alinyamaza.

"Kimya," alisema, "ulikuwa unataka kusema kitu?"

Hiyo ilikuwa nafasi. Hata lori lingepita humo. Mjomba angejua, angefika kesho yake na koti lake, na kufikia Jumapili wale wawili wangekuwa na chachu kila mmoja na Kimya angekuwa na beseni kichwani. Alikoroga mchanga. Karanga zilianza kupasuka.

"Haya, mtoto wa dada yangu. Salio linaisha," alisema Dokta, na simu ikakatika.

Kimya aliendelea kuishika sikioni. Kisha akaiambia ile simu iliyokufa, kwa sauti ambayo mteja aliisikia, na fundi viatu pia:

"Nilijua umeelewa vibaya, Mjomba. Nilijua palepale dirishani, ulipoguna. Maneno nilikuwa nayo. Nilinyamaza makusudi."